Giaboksi chini ya mwembe

Gia ya pili ikikwaruza kila ukiingiza, usikimbilie kununua giaboksi nzima. Yangu niliifungua uani kwetu Ujiji, asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kurusha vumbi. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake usiiamini. Mwaga oili, ukiona unga unaong'aa kama dhahabu, ringi za shaba, zile zinazosawazisha mwendo gia ikiingia, zimelika. Kila unachochomoa kwenye shafti kipange juu ya khanga kuukuu kwa mfuatano, upande uleule. (Habu moja, kile kitovu kinachokaa kwenye shafti kati ya gia, niliigeuza, nikafungua yote upya. Mke wangu alicheka.) Ringi mpya ikandamize kwenye koni yake, ile sehemu ya gia inayoingia ndani ya ringi, na uizungushe: ikishika, nzuri, iliyochoka huteleza. Beringi ipashe kwenye oili ya moto, itaingia bila nyundo. Sili badilisha zote. Oili: ya gia, daraja la GL-4.