Namna ya Kuiwezesha Karakana ya Samani Kuonekana Mtandaoni

Mwongozo huu unamhusu mwenye biashara ndogo ambaye bidhaa zake ni nzuri na majirani wanamfahamu, lakini mtu wa Mbezi au Kigamboni anayetafuta bidhaa hizo hizo kwa simu hamwoni. Nitatumia mfano wa karakana ya samani ya Keko, Dar es Salaam, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa na mafundi wa eneo hilo, na kwa kuwa samani zinaonyesha vizuri shida yenyewe: mtu hanunui kitanda kila mwezi, hivyo wengi hawana fundi wao, na siku wakihitaji kitanda huanza kwa kutafuta. Fundi cherehani, muuza vipuri au mpishi anayepeleka chakula maofisini anaweza kufuata hatua zile zile kwa kubadili maneno tu.

Wengi huanza na Instagram, wakabandika picha kila siku kwa miezi miwili, kisha wakachoka. Mimi huanza na mtu anayetafuta. Anayepitapita kwenye Instagram anaweza kuipenda picha na kuendelea na yake, lakini aliyeandika "kitanda 6x6 mninga bei" kwenye Google ameshaamua kununua na amebakiza kuamua atanunua kwa nani. Kwa hiyo tutaanza na ramani, tutakwenda WhatsApp, kisha Instagram, na tangazo la kulipia litakuja mwisho.

Hatua ya 1: Kusanya maneno ya wateja wenyewe

Kabla hujafungua akaunti yoyote, chukua daftari na uandike maswali ambayo wateja wamekuuliza kwa simu na kwa ujumbe katika wiki chache zilizopita, kwa maneno yao, bila kuyasafisha. Utaona kwamba fundi husema "samani za kisasa zenye ubora", ilhali mteja husema "kabati la milango mitatu", "kitanda cha mninga", "dressing table", "chaga zinauzwaje". Kisha fungua Google, andika "kitanda cha" bila kubonyeza kutafuta, na usome mapendekezo yanayojitokeza chini, kwa maana hayo hutokana na yale ambayo watu huandika kweli. Maneno hayo ndiyo utakayoyatumia katika kila hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Hakikisha akaunti na namba ni zako

Fungua anwani ya barua pepe ya biashara kwa simu ya mmiliki. Laini ya simu ya biashara iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole za mmiliki mwenyewe, si za kijana wa dukani wala shemeji aliyekuwa karibu siku hiyo. Kijana akihama kazi na laini ni yake, ataondoka na wateja wote walioihifadhi namba hiyo, na wewe hutakuwa na njia ya kuirudisha. Mtu unayemlipa akusaidie, nikiwemo mimi, apewe nafasi ya msimamizi tu, na umiliki ubaki kwako.

Hatua ya 3: Weka biashara kwenye ramani ya Google

Huduma hii huitwa Google Business Profile na haina malipo. Ilikuwa ikiitwa Google My Business hadi mwaka 2021, hivyo usishangae kukutana na maelekezo yenye jina hilo. Maelekezo mengi ya zamani pia yanakutuma utengeneze tovuti ya bure ndani yake au uwashe sehemu ya kuchati na wateja. Vyote viwili viliondolewa mwaka 2024, kwa hiyo usipoteze bando kuvitafuta.

Jina uliandike kama lilivyo kwenye kibao cha dukani. Vishawishi vya kuongeza "vitanda bora bei nafuu Keko Dar" mbele ya jina ni vikubwa, na jirani yako huenda amefanya hivyo, lakini ni kinyume cha kanuni za Google na wasifu unaweza kusimamishwa wakati umeshaanza kukuletea wateja. Maneno ya bidhaa yana mahali pake, na mahali pa kwanza ni aina ya biashara. Aina kuu ni moja, na unaruhusiwa kuongeza nyingine hadi 9. Kwa karakana inayotengeneza na kuuza hapo hapo, mimi huchagua mtengenezaji wa samani kuwa aina kuu, kisha duka la samani na seremala zikafuata. Anayenunua kwa jumla na kuuza bila kutengeneza aanze na duka la samani.

Anwani huwasumbua wengi kuliko inavyostahili. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyofanyika kabla ya Sensa ya Agosti, mitaa mingi ina nguzo za majina na nyumba nyingi zina vibao vya namba, basi anza na jina la barabara na namba iliyo kwenye kibao chako. Baada ya hapo, usiamini alama ya ramani mahali ilipojiweka yenyewe. Ikuze ramani kwa mwonekano wa setilaiti, uyatafute mapaa unayoyafahamu, na uisogeze alama hadi mlangoni pako. Kama karakana iko uchochoroni, pima mwenyewe kwa kuondoka hadi barabara kuu na kuifuata ramani ukirudi, ukiwa na swali moja kichwani: je, njia inayoonyeshwa inapitika kwa kirikuu? Kitanda cha futi 6 hakibebwi begani. Mahali pasipo na jina la barabara, tumia Plus Code, ile namba fupi ya herufi na tarakimu yenye alama ya kujumlisha ambayo Google Maps huionyesha ukibonyeza sehemu kwa muda. Mteja akiiandika pamoja na jina la mji, ramani humfikisha.

Fundi anayefanyia kazi nyumbani na asiyetaka wageni anaweza kuficha anwani na kutaja maeneo anayoyahudumia tu.

Kwenye maelezo una nafasi ya herufi 750. Usiweke viungo vya tovuti wala matangazo ya punguzo, kwa kuwa haviruhusiwi hapo. Andika hivi: "Tunatengeneza vitanda, makabati ya nguo na meza za chakula kwa mbao za mninga na mkongo, hapa Keko, Dar es Salaam. Vitanda vya futi 5 kwa 6 na 6 kwa 6 huwa vipo tayari. Vipimo vingine tunatengeneza kwa oda. Tunasafirisha popote Dar es Salaam. Unaweza kulipa kwa Lipa Namba au benki." Sentensi hizo hazina sifa hata moja, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Hatua ya 4: Thibitisha kwamba biashara ipo

Google ndiyo huchagua njia ya kuthibitisha, na siku hizi mara nyingi hudai video. Video hiyo hurekodiwa kwa simu mfululizo bila kukatwa, na inatakiwa kuonyesha mambo matatu: mahali, biashara, na mamlaka yako juu yake. Anzia nje, ukionyesha nguzo ya jina la barabara na maduka ya jirani. Sogea hadi kwenye kibao chako. Fungua kufuli la mlango kwa ufunguo wako. Ingia uonyeshe randa, msumeno wa mezani na vitanda ambavyo havijapigwa vanishi. Malizia na leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani. Sura za watu na namba za akaunti ya benki zisionekane. Fanya hivyo asubuhi kabla mafundi hawajawasha mashine, ukiwa na bando la kutosha. Majibu huweza kuchukua hadi siku 5 za kazi, na katika muda huo usibadilishe jina wala anwani.

Hatua ya 5: Piga picha zinazojibu maswali

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu mnunuzi wa samani ana hofu ambazo hazisemi. Anahofia kwamba mbao si mninga bali ni mbao laini iliyopakwa rangi, kwamba kitanda kitalia baada ya miezi mitatu, na kwamba picha imetolewa kwenye duka la Uturuki. Picha nzuri huziondoa hofu hizo moja baada ya nyingine.

Kitoe kitanda hadi karibu na mlango, jua likiwa bado halijawa kali, na ufagie maranda sakafuni. Zima mwanga wa simu. Picha ya kwanza ionyeshe kitanda kizima kutoka pembeni, futikamba ikiwa imelazwa juu yake ili upana usomeke. Ya pili isogee hadi pale ubavu unapoungana na kichwa cha kitanda, maana hapo ndipo ubora wa fundi unapoonekana. Ya tatu iwe ya chaga zikiwa hazina godoro, na ya nne iwe ya ubao kabla ya vanishi, mistari ya mti ikionekana. Ukiwa na nafasi, ongeza ya kitanda kikiwa juu ya gari kinaondoka. Usichukue kabisa picha za watu wengine mtandaoni: mteja atakuja na picha hiyo mkononi akitaka kitu hicho hicho, na utakuwa umejitafutia ugomvi.

Picha ya chumbani kwa mteja iombewe ruhusa kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, chumba cha mtu ni chumba cha mtu.

Hatua ya 6: Panga WhatsApp Business na uandike bei

Pakua WhatsApp Business, programu tofauti na WhatsApp ya kawaida, na uingize namba ile ile uliyoiweka kwenye ramani. Jaza katalogi, kila bidhaa ikiwa na jina ambalo mteja hulitumia, vipimo, aina ya mbao, muda wa kusubiri na bei. Bei iandikwe kwa tarakimu, kwa mfano Sh 650,000, na kama inabadilika kwa ukubwa au mbao, andika "kuanzia" kisha ueleze kinachoibadilisha.

Najua pingamizi lililopo. Wauzaji wengi huandika "bei DM" kwa kuogopa jirani asiijue bei yao, au kwa kutaka nafasi ya kupatana. Jirani anaijua tayari. Anaweza kumtuma mtu aulize wakati wowote. Anayepotea ni mteja mwenye haya ya kuuliza, au aliye ofisini akilinganisha mafundi wanne kwa dakika tano za mapumziko, ambaye atampigia yule aliyeandika. Nafasi ya kupatana haipotei kwa kuandika bei, kwani mnunuzi wa Dar es Salaam atapatana hata na bei iliyochongwa kwenye jiwe.

Tengeneza pia kiungo kifupi kinachofungua mazungumzo moja kwa moja. Huandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu 9 za namba yako, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Kosa la kuibakiza sifuri ile nimelikuta kwenye kurasa nyingi mno. Kijaribu kiungo kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kukisambaza. Kisha tumia lebo kutenganisha wateja: walioulizia bei, waliotoa advansi, ambao kazi yao iko karakanani, na waliokwisha kuchukua. Kwa orodha ya matangazo kumbuka kwamba ujumbe humfikia tu aliyeihifadhi namba yako, hivyo mwombe mteja aihifadhi siku anapolipa.

Hatua ya 7: Omba maoni kwa njia halali

Google hueleza kwamba matokeo ya ramani hupangwa kwa kuangalia jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake na umaarufu wake, na maoni ya wateja yana sehemu katika hilo la mwisho. Wasifu wako una kiungo cha kuombea maoni. Kitume jioni ya siku ambayo kitanda kimefika na kufungwa, kwa sentensi moja ya heshima. Usiahidi punguzo wala zawadi kwa anayeandika, na usiwaombe mafundi wako waandike, kwani yote mawili yamekatazwa na maoni ya namna hiyo hufutwa. Nyota moja ikija, jibu kwa utulivu, ueleze utakachorekebisha, na uache namba ya simu. Wasomaji wengine ndio unaowajibu kuliko yule aliyekasirika.

Hatua ya 8: Instagram, na fedha za tangazo

Kwenye Instagram, sehemu ya jina hutafutwa, kwa hiyo iandike "Vitanda na makabati Keko" chini ya jina lako la akaunti. Weka kiungo cha wa.me kwenye utambulisho, na chini ya kila picha andika maelezo yale yale ya katalogi, pamoja na bei. Picha mbili kwa wiki zinatosha.

Usilipie tangazo hadi hatua zote za juu zikamilike, kwa sababu tangazo humleta mtu mlangoni tu, na akikuta hakuna bei wala ramani atageuka. Ukifika hapo, anza na kiasi kidogo, lenga Dar es Salaam pekee, na tangazo lielekeze WhatsApp.

Hatua ya 9: Pima, kisha tunza

Wasifu wa Google huonyesha maneno yaliyokufanya uonekane, simu zilizopigwa na mara ngapi watu waliomba maelekezo ya njia. Linganisha na daftari la dukani, ambamo kila mnunuzi ameulizwa alikufahamu kwa njia gani. Ukiona watu wengi wanatafuta kabati la vyombo na wewe huna picha yake hata moja, hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo.

Saa za kufungua zibadilishwe kabla ya sikukuu, na kwa Idi acha nafasi ya siku mbili kwa kuwa mwezi ndio huamua. Siku utakapohamisha karakana, usifungue wasifu mpya. Ingia kwenye ule wa zamani, ubadilishe anwani na uisogeze alama, ili maoni ya miaka yote yahame pamoja nawe. Huenda ukadaiwa video tena, basi uwe umeshatundika kibao na leseni kwenye jengo jipya.