Namna ya Kusoma Karatasi ya Mahakama na Kuyaelewa Maneno Yake

Karatasi ya mahakama ikifika mkononi mwako, tafuta kwanza jina lako na nafasi uliyopewa ndani ya shauri, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo inayoamua unatakiwa kufanya nini na unaweza kupoteza nini. Mdai ni yule aliyefungua kesi ya madai, na mdaiwa ni yule anayetakiwa kujibu madai hayo. Kesi ya namna hii huhusu haki baina ya watu au taasisi, kama vile deni, ardhi, mkataba au fidia, na kuitwa mdaiwa hakumfanyi mtu kuwa mhalifu. Katika kesi ya jinai, dola, yaani serikali, ndiyo hushtaki, kwa kawaida kupitia mwendesha mashtaka, na aliyedhuriwa huwa mlalamikaji na mara nyingi shahidi. Ndiyo maana mlalamikaji akisema amesamehe, msamaha wake peke yake kwa kawaida hautoshi kuimaliza kesi.

Maneno matatu yanayochanganywa kila siku, tena kwa madhara makubwa, ni mtuhumiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani. Mtuhumiwa anashukiwa tu na huenda asifikishwe mahakamani kabisa. Mshtakiwa amekwisha kufunguliwa mashtaka. Aliyetiwa hatiani ni yule ambaye mahakama imeridhika kwamba alitenda kosa, ama kwa kukiri kwake au kwa ushahidi uliotolewa. Kabla ya hatua hiyo ya tatu mtu huhesabiwa kuwa hana hatia, na msingi huu umeandikwa katika ibara ya 11 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Kumwita mshtakiwa mwizi au muuaji ni kumhukumu kabla ya hakimu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 14, unaongeza kwamba mshtakiwa aelezwe mashtaka yake kwa lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama. Usione haya kumwambia hakimu kwamba hukuelewa.

Hati ya wito, ambayo wengi huiita samansi, isomwe polepole. Angalia jina la mahakama, namba ya kesi, majina ya pande zote, muhuri, tarehe na saa. Kisha tazama kama umeitwa kufika tu au umepewa pia muda wa kuwasilisha utetezi wa maandishi, kwa kuwa wapo wanaofika siku iliyopangwa huku muda wa kujibu ukiwa umekwisha kupita. Tazama vilevile kama kesi imepangwa kwa kutajwa au kwa kusikilizwa. Siku ya kutajwa mahakama huangalia shauri limefikia wapi na kupanga hatua inayofuata. Siku ya kusikilizwa mashahidi hutoa ushahidi, kwa hiyo walete wako pamoja na vielelezo, yaani nyaraka au vitu vinavyothibitisha maelezo yako. Mdaiwa asipofika bila sababu, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Mshtakiwa asipofika, hati ya kumkamata inaweza kutolewa.

Hati ya kiapo ni maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa kuwa ni ya kweli mbele ya ofisa aliyeruhusiwa kisheria kuapisha. Aghalabu aya zake hupewa namba, na mwishoni muapaji hutenganisha yale anayoyajua mwenyewe na yale aliyoambiwa na wengine. Usitie saini hati uliyoandikiwa kabla ya kusomewa kila aya, hata kama aliyeiandika ni wakili wako, kwa sababu uongo ulio chini ya kiapo ni kosa la jinai na atakayeulizwa ni wewe uliyeapa.

Dhamana ni ruhusa ya kukaa nje huku kesi ikiendelea. Haimalizi kesi wala haimaanishi kwamba mshtakiwa ameshinda. Mdhamini naye hubeba wajibu wa kweli, kwani mshtakiwa akitoroka, mdhamini anaweza kudaiwa kiasi alichojifunga kukilipa.

Katika nchi nyingi, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa la jinai pasipo kuacha shaka ya msingi, ilhali katika madai hutosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Ndiyo sababu nchini Marekani O. J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, aliachiwa huru katika kesi ya mauaji mwaka 1995, na bado mwaka 1997 akaonekana kuwajibika katika kesi ya madai iliyotokana na vifo vilevile na kuamriwa kulipa mamilioni ya dola. Tofautisha pia kuachiwa huru na kuondolewa mashtaka: katika mifumo mingi, aliyeondolewa mashtaka kabla ya ushahidi kusikilizwa anaweza kushtakiwa upya.

Hukumu ikisomwa na hukuridhika nayo, njia yako ni rufaa, yaani kuiomba mahakama ya juu ichunguze kama ile ya chini ilikosea. Omba nakala ya hukumu mara moja na uulize siku za kukata rufaa ni ngapi, kwa kuwa zina ukomo. Kukata rufaa peke yake, katika nchi nyingi, hakuzuii mshindi kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe, na hata kukamata mali. Inakubidi uombe pia amri ya kusimamisha utekelezaji, na ombi hilo liende haraka.