Barafu za ubuyu, rede na jua la saa tatu usiku

Miaka mitatu ya kwanza nilipokuwa Leicester, Uingereza, majira ya joto yalikuja na kupita bila mimi kuyaona. Nilikuwa nachukua zamu za ziada. Wenyeji wakienda likizo mwezi wa saba na wa nane, zamu zinabaki wazi, na sisi wageni ndio tunaozijaza, maana nyumbani kuna ada, kuna matibabu, kuna kiwanja kinachosubiri msingi. Jua nililiona kupitia dirisha la basi. Na mimi mtu wa Tanga nilikuwa najiambia: jua ni jua, kesho si litakuwepo?

Huku halikai. Jua la huku lina msimu kama embe. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hakuna anayelikimbilia. Leicester, mwishoni mwa mwezi wa sita, jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Mwezi wa kumi na mbili linazama kabla ya saa kumi alasiri. Ukitoka kazini saa kumi na moja jioni mwezi wa sita, bado una zaidi ya saa nne za mwanga mbele yako. Haya ninayoandika ni namna ya kuzitumia saa hizo, wewe na watoto na majirani, kwa vitu vya bei ndogo.

Anza na friza

Huhitaji mashine ya aiskrimu. Unahitaji friza, sufuria, chujio na vifuko. Barafu za kwetu, zile tulizokuwa tunatumwa kununua kwa jirani kwenye nyumba yenye kibao cha "barafu zipo", ni rahisi kuliko kitu chochote kinachouzwa kwenye vitabu vya mapishi vya huku.

Ubuyu kwanza. Wengi wanadhani haupatikani ugenini, kumbe upo. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kama chakula mwaka 2008, na Marekani mamlaka ya chakula haikuweka pingamizi mwaka 2009. Tangu hapo unauzwa kwenye maduka ya vyakula vya afya, umeandikwa "baobab". Utaukuta kwenye rafu ya vitu vya mazoezi ya mwili, si kwenye rafu ya vyakula vya Afrika, na ndiyo maana watu wanaupita.

Kwa lita moja ya maji, tumia gramu 100 za unga na gramu 150 za sukari. Usiumwage unga wote kwenye maji mengi, utaganda madonge na hutayamaliza. Ukoroge kwanza na maji ya vuguvugu kidogo mpaka uwe kama uji mzito, ndipo uongeze maji mengine taratibu. Tia iliki iliyotwangwa na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Onja. Iwe tamu kidogo kupita unavyoipenda kwenye glasi, kwa sababu ulimi ukipoa husikia utamu kidogo. Lakini usizidishe: sukari inazuia maji kuganda, na ukiijaza sana utaamka asubuhi ukute uji wa baridi badala ya barafu. Ukiipunguza mno nayo inakuwa jiwe.

Vifuko vyembamba vya barafu vinauzwa mtandaoni. Ukivikosa, vikombe vidogo na kijiti vinatosha. Jaza robo tatu tu kisha funga fundo, maana maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia tisa, na kifuko kilichojaa hupasuka. Vilaze kwenye friza usiku mzima.

Sasa kula. Hapa watoto waliozaliwa huku wanahitaji kufundishwa, na ninakuomba ukae nao uwafundishe kwa mkono wako. Unang'ata pembe ya kifuko, kipande kidogo kama punje ya mchele. Ukianza kufyonza kwa pupa utavuta utamu wote, ibaki barafu nyeupe isiyo na ladha, na mtoto atakuletea akisema imeisha. Kwa hiyo kabla ya kufyonza unaisugua kati ya viganja, unaiponda kwa vidole, unaisikia inavyovunjika ndani ya kifuko, juisi na barafu vikichanganyika. Ndipo unafyonza. Mwanangu wa kiume alijifunza hivyo akiwa na miaka sita, na siku hiyo alikaa kimya kwenye ngazi za nyuma ya nyumba mpaka kifuko kikabaki bapa.

Ukwaju unapatikana kila mahali ukijua majina yake. Kwa Wahindi ni imli, kwa watu wa Meksiko ni tamarindo. Nunua ule wa kipande kilichoshindiliwa. Gramu 200 ziloweke kwenye lita moja ya maji ya moto kwa nusu saa, ukamue kwa mkono, uchuje, utie sukari, chumvi na tangawizi. Leicester tuna bahati ya pekee: wengi wa Wahindi wa hapa, au wazazi wao, walitoka Afrika Mashariki, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia Uganda mwaka 1972. Mihogo kwao bado ni "mogo". Nilipokuwa napima ukwaju dukani siku moja, mama mmoja wa makamo aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Wa juisi au wa mchuzi?" Tulisimama pale mpaka mwenye duka akatuomba tusogee kando.

Embe za supamaketi nyingi zinakuja ngumu, na ukizisubiri ziive zinaoza kabla ya kulainika. Usizisubiri. Zile ngumu ndizo za kukata vipande virefu na kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Ukitaka utamu, fungua kopo la embe lililosagwa, lile la gramu 850 kutoka India, changanya na kopo moja la tui la nazi na ndimu mbili, gandisha. Sukari usitie kabla ya kuonja, makopo mengi yameshatiwa.

Mahindi ya kuchoma nayo yapo, ila mahindi ya huku ni matamu na laini, yanataka dakika chache tu motoni. Uliza kwanza kama bustani yenu inaruhusu moto. London, kwa mfano, bustani za kifalme haziruhusu kuchoma nyama wala mahindi, wakati Berlin kwenye uwanja wa Tempelhof, uliokuwa wa ndege, kuna sehemu zilizotengwa kwa ajili hiyo.

Vya bure

Angalia miti ya mtaani. Miti ya forosadi imejaa kwenye miji mingi ya Marekani, matunda yanaiva kuanzia mwezi wa sita, na wapita njia wengi wanayakanyaga tu. Wewe unayajua. Uingereza kuna matunda meusi ya miiba kwenye vichaka vya kando ya njia, yanaiva kuanzia mwezi wa nane. Sweden na Finland, desturi na sheria zinampa kila mtu haki ya kuchuma matunda ya porini, hata kwenye msitu wa mwenyewe, mradi usiharibu kitu na usisogelee nyumba ya mtu. Chuma unachokijua tu, na chuma juu ya usawa wa kiuno, chini mbwa wamepita.

Sasa kucheza

Hapa ndipo ninapotaka kusema zaidi, kwa sababu barafu watu wanazikubali haraka, kucheza wanakukataa. Tumezoea kuwapeleka watoto bustanini kisha tukakaa kwenye benchi na simu, tukijibu ujumbe wa nyumbani. Na ukipiga picha unacheka na kifuko cha barafu mkononi, ukaiweka kwenye kundi la familia, huenda mmoja akaandika, "Mnaponda maisha huko." Maneno hayo yanauma. Yalinifanya nisicheke mbele ya kamera kwa muda mrefu. Siku hizi naijibu ile meseji kwa kuwapigia simu ya video, nawaonyesha watoto wanavyorushiana mpira, na shangazi yangu anaanza kuwaelekeza kutoka Tanga namna ya kukwepa. Ada bado natuma. Jioni ile ni yetu sote.

Rede inatosha kuanzia, na waliokulia Kenya wataiita kati, wa Uganda kwepena. Warushaji wawili wanasimama kila mmoja upande wake, hatua kama kumi na tano katikati. Anayekaa katikati anakwepa mpira. Mpira mzuri ni wa soksi zilizojazwa vitambaa, hauumizi hata ukipiga uso. Weka chupa tupu katikati na rundo la mchanga: mkwepaji ajaze chupa huku anarushiwa, akiimaliza kabla ya kupigwa timu yake imepata pointi. Watoto wa huku wanaielewa kwa dakika tano bila lugha. Jioni ya kwanza tulianza watu wanne wa nyumba moja, tukamaliza kumi na mmoja, akiwemo mzee wa Kipolandi aliyekuja kumfuata mjukuu wake.

Kombolela inahitaji miti au magari ya kujificha, kwa hiyo bustani kubwa ni bora kuliko barabara. Wakubwa wakishiriki, watoto hukimbia maradufu, maana hakuna raha kama ya kumkomboa mama yako aliyekamatwa. Ufukweni chimbeni bao kwenye mchanga: safu nne za mashimo manane, jumla 32, na vijiwe 64. Babu aliyekuja kutembea, ambaye miguu haimruhusu kukimbia, atakaa hapo mpaka giza.

Mambo mawili siyafanyii mchezo. La kwanza ni maji. Bahari yetu ni ya vuguvugu, mito na maziwa ya huku si hivyo, hata siku ya joto kali. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 yanaweza kukukata pumzi mara unapotumbukia, hata kama unaogelea vizuri, na ukivuta pumzi kichwa kikiwa chini unavuta maji. Ingia taratibu, palipo na waokoaji. Ukishtukia umeanguka, usipambane: lala chali, uelee mpaka pumzi irudi, ndipo uite. Wafundishe watoto hilo kabla ya kuwafundisha rede.

La pili ni karanga. Kashata tamu usimpe mtoto wa mtu bila kumuuliza mzazi wake, kuna watoto ambao karanga moja inawapeleka hospitali. Barafu ya ukwaju au ya ubuyu ndiyo ya kugawa, na bado uliza.

Kwenda nazo bustanini, zifunge kwa taulo nene ndani ya mfuko wa kuhifadhi baridi, pamoja na chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Hukaa saa mbili mpaka tatu, na zile chupa baadaye ni maji ya kunywa. Gawa kabla ya mchezo kuanza zile za watoto wadogo, za wakubwa ziache mpaka mapumziko. Na unga wa ubuyu uliobaki uufunge usiingie unyevu, maana mwezi wa tisa mara nyingi huja na siku mbili tatu za jua ambazo hakuna aliyezitegemea.