Jinsi ya Kujua Kama Suala la Mamlaka Limefungwa The Hague

Tarehe 2 Februari 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilitupilia mbali pingamizi za awali za Kenya, yaani hoja kwamba shauri lisisikilizwe kabisa, katika shauri la mpaka wa bahari lililofunguliwa na Somalia, na kwa kura 13 dhidi ya 3 ikaamua kuwa ina mamlaka ya kulisikiliza. Anayetaka kueleza hukumu ya aina hii kwa usahihi aanzie mwishoni, kwenye amri zenye hesabu ya kura. Hapo pingamizi hupata jibu moja kati ya matatu: limekubaliwa, limekataliwa, au haliwezi kuamuliwa kabla ya kusikiliza kiini cha shauri. Ni jibu la tatu pekee linaloacha mlango wazi.

Kisha soma Mkataba wa Mahakama. Ibara ya 36(6) inaipa Mahakama yenyewe kazi ya kuamua ubishi kuhusu mamlaka yake, na Ibara ya 60 inasema hukumu ni ya mwisho na haina rufaa. Kwa hiyo usiandike kwamba nchi "inafikiria kukata rufaa". Inachoweza kuomba ni tafsiri ya hukumu, au mapitio chini ya Ibara ya 61, ambayo yanadai jambo zito lililokuwapo siku ya hukumu lakini halikujulikana, bila uzembe wa mwombaji. Ombi lifike ndani ya miezi 6 tangu jambo ligunduliwe, na kabla ya miaka 10 kupita tangu hukumu.

Ugumu wa masharti hayo ulionekana katika shauri la Bosnia dhidi ya Yugoslavia kuhusu mauaji ya kimbari. Mwaka 1996 Mahakama ilikataa pingamizi za Yugoslavia. Nchi hiyo ilipoingizwa Umoja wa Mataifa mwaka 2000, iliomba mapitio ikidai kwamba kumbe haikuwa mwanachama hapo kabla, na hivyo haikuweza kushtakiwa mbele ya Mahakama hiyo. Mwaka 2003 ikakataliwa, kwa kuwa tukio la mwaka 2000 haliwezi kuwa jambo lililokuwapo mwaka 1996. Serbia, iliyochukua nafasi ya Yugoslavia katika shauri hilo, ilirudi na hoja hiyo, ikiwa na nguvu zaidi, maana mwaka 2004, katika mashauri mengine, Mahakama ilikuwa imesema kwamba mwaka 1999 nchi hiyo haikuwa mwanachama. Hata hivyo hukumu ya 26 Februari 2007 ilishikilia kwamba uamuzi wa 1996 umefunga suala hilo, ingawa haukuligusa kwa maneno: kujitangaza kuwa na mamlaka kulibeba ndani yake kukubali kwamba Yugoslavia ingeweza kushtakiwa pale. Ninaona Mahakama ilikuwa sahihi, kwani waliofungua shauri mwaka 1993 walikuwa wamengoja vya kutosha. Basi usipime tu kilichoandikwa. Pima pia kile ambacho uamuzi usingeweza kusimama bila hicho.

Wala kutofika mahakamani hakufungui upya mamlaka. Kenya haikushiriki usikilizwaji wa Machi 2021, lakini hukumu ilitolewa 12 Oktoba mwaka huohuo. Serikali ikisema haiitambui hukumu, ripoti hivyohivyo, kisha ueleze kwamba chini ya Ibara ya 94 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa upande wa pili unaweza kwenda Baraza la Usalama.