Vunja Springi Kwanza, Ndipo Utengeneze Tindo

Hapa Gerezani, Dar es Salaam, tindo nyingi zinatoka kwenye springi za malori. Ikijikunja au ikimeguka, lawama zote zinaangukia springi: "Hii feki, tafuta nyingine." Mimi nafundisha vijana kazi hii, na siwakubalii. Springi nyingi zinafaa sana. Tatizo ni moto, na moto wa kila springi inabidi uutafute mwenyewe. Ninayoeleza hapa ni utafiti kamili wa chuma, ila unafanyika kwa mkaa, tupa na jiliwa.

Tafuta bamba moja refu la springi lisilo na ufa. Jaribio na tindo vitoke kwenye bamba hilohilo, maana majibu ya springi ya Scania hayakuhakikishii ya Fuso. Liguse kwenye grinda kidogo. Flatibaa ya geti, yenye kaboni karibu asilimia 0.2, inatoa cheche ndefu zilizonyooka. Springi, yenye karibu asilimia 0.6, inatoa cheche fupi zinazopasuka matawi matawi. Kaboni hiyo ndiyo inayokubali matiko, yaani kukazwa kwa kupashwa moto na kuzamishwa. Kama cheche hazipasuki, rudisha bamba ulikolitoa.

Kata ufito wa upana wa kidole, urefu wa sentimita 20 hivi. Upashe moto mpaka uwe mwekundu, kisha ufukie kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Ukiutoa umelainika, msumeno unaingia. Sasa ukate mikato ya kina cha milimita 3, kila baada ya sentimita 2, na upande wa pili ugonge namba kwa pachi: moja kwenye ncha, na kuendelea.

Jaribio hili linaitwa kwa jina la William Metcalf, Mmarekani aliyekuwa mtengenezaji wa chuma katika karne ya 19, na mpaka leo sijaona darasa zuri kuliko hili. Weka ncha namba moja kwenye kitovu cha moto, mkia ubaki nje. Punguza mwanga wa karakana, kwa sababu rangi za moto zinadanganya kwenye jua. Puliza taratibu mpaka ncha iwe ya njano inayokaribia weupe, na rangi ishuke kidogo kidogo hadi mkia ambao haujawa mwekundu kabisa. Hapo ufito mmoja umebeba mioto yote kwa wakati mmoja. Chora haraka kwenye daftari: namba moja njano, namba tatu rangi ya chungwa, namba tano nyekundu ya cheri, na kadhalika. Uzamishe wote kwenye mafuta.

Mafuta yawe ya alizeti, yamepashwa hadi nyuzi 50 au 60, kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Oili chafu ya injini iache, moshi wake ni sumu. Maji nayo yaache: chuma cha springi kina madini mengine yanayokifanya kikaze mpaka ndani, na ukikichovya majini kinaweza kupasuka.

Ukipoa, ubane kwenye jiliwa, funika kwa gunia zito, vaa miwani, kisha vunja kipande kimoja kimoja kwa nyundo. Usiruke hata kimoja. Vipange mezani kwa namba na uviangalie mahali vilipovunjika, ukivigeuza kwenye mwanga. Namba moja itakuwa na punje kubwa zinazometameta kama sukari: huo ni moto uliopita kiasi, na tindo ya hivyo itameguka. Ukisogea, punje zinapungua, mpaka unafika kipande cha kijivu, laini, ambacho jicho halioni punje kabisa. Pitisha tupa juu yake. Ikiteleza bila kung'ata, umepata moto wako. Vipande vinavyofuata vitapinda kabla ya kuvunjika na tupa itavila, maana havikupata moto wa kutosha.

Soma daftari lako, rangi ya kipande hicho ilikuwa ipi. Ihakikishe kwa smaku: chuma huacha kushika smaku kwenye nyuzi 770 hivi, na moto mzuri wa springi uko juu kidogo ya hapo.

Naomba uandike kweli. Miaka ya sabini wazee wahunzi wa Buhaya, mkoani Kagera, walijenga tena tanuri la mababu kutokana na kumbukumbu tu, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery wakachapisha maelezo yake: mirija ya udongo iliingizwa ndani ya tanuri, na kwa maelezo yao hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye moto. Ujuzi mkubwa kiasi hicho ulibaki kwenye vichwa vya wazee wachache. Inaniuma kila nikiufikiria.

Sasa tengeneza tindo. Pasha sentimita 5 za mbele tu kwa rangi uliyoipata, zamisha, kisha sugua kwa msasa mpaka ing'ae. Pasha tena taratibu kutokea nyuma, uangalie rangi zikitembea kuelekea makali: njano, kahawia, zambarau, buluu. Kwa tindo ya kukatia chuma simamisha kwenye zambarau, nyuzi 280 hivi, kwa kuichovya. Kichwa kinachopigwa nyundo kibaki laini.

Kata nondo ya milimita 12 na utazame makali. Yakijikunja, mara nyingine simamisha kwenye kahawia. Yakimeguka, sogea hadi buluu. Badilisha kitu kimoja tu kila jaribio, la sivyo hutajua kipi kimeleta mabadiliko. Ukitaka kuuza kwa wingi, peleka vipande na daftari TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda la Tanzania, au KIRDI, la Kenya, kwa walio Nairobi, uulizie kipimo cha ugumu cha Rockwell ili mteja apewe namba.

Wakati wa kunoa, chovya majini kila mara. Makali yakigeuka buluu kwenye grinda, matiko yamekwisha hapo; saga sehemu hiyo yote iondoke.