Soda "bila sukari": soma lebo kabla ya kuogopa

Kwa mnaoziogopa hizi soda kwa sababu ya saratani, hesabu ni hii. Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka aspatame, sukari bandia inayotiwa kwenye nyingi ya soda hizi, kundi la 2B: "huenda" inasababisha saratani, ila ushahidi ni hafifu. Siku hiyohiyo, wataalamu wa viungio vya chakula waliacha kikomo cha kuitumia palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mwenye kilo 70 angehitaji makopo zaidi ya 9 kwa siku ili akivuke. Nani anakunywa hivyo?

Kwenye lebo itafute kwa jina au kwa namba E951. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria aiepuke kabisa. Ukiitumia kwenye chai, itie kikombeni, si kwenye sufuria jikoni. Ikichemka muda mrefu hupoteza utamu.

Na kama unatafuta kupungua, usiitegemee. Mei 2023 WHO ilishauri sukari bandia zisitumiwe kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo hauwahusu ambao tayari wana kisukari.