Namna ya kuitisha mkutano wa mtaa Mombasa, na wapangaji nao waje

Mitaa ya Mombasa imebadilika jamani. Toka kisiwani nenda Bamburi, Mtopanga, Mikindani ama Mtongwe, ploti moja tu utakuta Mgiriama, Mkamba, Mluhya, Mjaluo na Mtaita wanatumia choo kimoja na mita moja ya maji, na nyumba ya nyuma kuna mzee ambaye babu yake kazikwa hapohapo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti nzima. Lakini siku ya kutoa maoni ya bajeti angalia nani amekaa kwenye viti, ni wazee walewale na vijana walewale wa mheshimiwa, mpangaji hayuko, halafu watu wanasema ati wageni hawajali mtaa. Mie nakataa kabisa. Mpangaji hakuja kwa sababu mkutano uliitwa saa ambayo yuko kazini, mahali ambapo anaona haya kuingia, na tangazo hakuliona. Hayo yote yanarekebishika.

Kwanza tembea. Anzia kwa mzee wa mtaa, manake ukimruka utaambiwa umeleta siasa, mpigie hodi jioni, mwamkie vizuri, mwambie unachotaka waziwazi na umuombe baraka zake, lakini usimuachie kazi yote ya kualika kwa kuwa atawapigia simu anaowajua tu. Wenye nyumba utawapata kwa baraza la kahawa baada ya magharibi. Wakina mama wa chama utawapata siku ya chama chao. Wapangaji kutoka bara wengi wana welfare za watu wa nyumbani, zile za kuchangiana msiba na kusafirisha maiti, na welfare ina mwenyekiti, katibu na daftari la majina, mwenyekiti mmoja akikubali atakuletea watu wengi kuliko bango lolote utakalobandika. Pitia na stage ya bodaboda, kinyozi, mama wa viazi karai. Kila mahali uliza maswali mawili tu: nini kinakukera hapa mtaani, na saa ngapi una nafasi. Andika majibu usitegemee kichwa.

Sasa saa. Ijumaa mchana sahau, Jumamosi Wasabato wako ibadani, Jumapili asubuhi ni kanisa, na jioni ya kila siku ndo wafanyabiashara wa barabarani wanauza. Hakuna saa inayofaa watu wote, kwa hivyo fanya vikao viwili vya jambo lilelile, kimoja Jumapili baada ya alasiri na muachane kabla ya magharibi, kingine katikati ya wiki saa nne asubuhi kwa wakina mama na wale wa shifti ya usiku. Ramadhani bakisha kile cha asubuhi peke yake.

Mahali pasiwe pa upande mmoja. Si ukumbi wa msikiti, si kanisani, si uwanja wa landilodi, na ofisi ya chama cha siasa usiiguse. Mwandikie mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya karibu umuombe darasa ama kivuli cha mwembe.

Hapa ndipo pana uzito na ndipo mikutano mingi huvunjika. Mombasa tuna watu wengi wenye nyumba lakini ardhi si yao, nyumba bila ardhi, na tuna wapangaji wa vyumba ndani ya hizo nyumba. Ukisema tu mtaro uchimbwe, mwenye nyumba anaogopa kubomolewa, mpangaji anaogopa kodi kupanda, na kila mmoja ananyamaza na hofu yake halafu ugomvi unatokea kama wa kabila ama dini wakati chanzo chake ni mambo ya makao. Zitaje hizo hofu mbili mwanzoni kabisa mbele ya wote. Weka wenyeviti wawili, mmoja mwenye nyumba mmoja mpangaji, na wapeane zamu. Na tafadhali, yeyote atakayemcheka mwenzake kwa Kiswahili chake anyamazishwe hapohapo, mtu akichekwa mara moja kwa Kiswahili cha bara hafungui mdomo tena mpaka ahame.

Jambo la kwanza lisiwe spika za adhana wala kesha la kanisani, hata kama ndo linalopigiwa kelele zaidi. Anzeni na kitu kinachoumiza wote sawa: mtaro, taka, taa za barabarani, zahanati, soko. Hivyo vyote viko chini ya kaunti kwa Jedwali la Nne la katiba ya 2010. Polisi, chifu na vitambulisho ni serikali kuu, ukimpigia mwakilishi wa wadi kelele za vitambulisho umepoteza jioni yako. Watu wakishashinda jambo moja pamoja, hata zile spika wataziongea kwa heshima.

Halafu kuna tarehe, na hizi ndo hatuambiwi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kaunti inatakiwa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sisi wengi tunaamka Mei, wakati pesa zishagawanywa. Kama mwataka mtaro, kikao chenu kiwe Juni ama Julai, ombi lifike ofisi ya kaunti Agosti.

Ombi lenyewe liwe ukurasa mmoja, Kiswahili, kwa kuwa kwa katiba Kiswahili ni lugha rasmi na hakuna wa kulikataa kwa sababu hiyo. Andika mahali hasa, kutoka duka gani mpaka shule gani, nani anaumia, mwataka nini. Sahihi ziwe za ploti zote, si za familia tatu. Haki ya kuwasilisha ombi iko kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mkitaka kusajili kundi, ofisi ya ustawi wa jamii ndo inasajili, muwe watu kumi au zaidi, lakini kutoa maoni hakuhitaji usajili wowote.

Kimya kikizidi, andika barua ya kuomba taarifa kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: je, mtaro wetu uko kwenye mpango, umetengewa shilingi ngapi. Kupeleka barua hiyo ni bure, na wana siku 21 za kujibu. Wasipojibu, malalamiko yanaenda Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Jibu lolote likija, lipige picha ulitume kwa kila welfare, kila chama na msikiti na kanisa siku hiyohiyo, na karatasi yenyewe ibandikwe dukani ambako wote mnanunua unga.